Mashine imesema jicho la mama ni salama, lakini mistari inapinda

Nimeletewa swali hili, nimelifupisha kidogo tu:

"Daktari, mama yangu ana miaka 61 na ameishi na kisukari cha aina ya pili kwa miaka kumi na miwili. Mwezi uliopita kwenye kliniki ya kisukari walimpiga picha za macho, na haikuchukua hata dakika moja kompyuta ikatoa jibu: hahitaji rufaa, arudi baada ya miezi 12. Hakuna daktari aliyeziangalia picha hizo. Sasa analalamika kwamba akifunika jicho la kulia, mistari ya daftari anaiona imepinda kwa jicho la kushoto. Nimesoma kwamba kompyuta hizi zinawashinda madaktari. Je, nimwambie atulie, asubiri mwaka uishe?"

Hapana, asisubiri. Mpeleke mama kwa daktari wa macho siku hizi hizi, wiki isiishe, na mkifika sema kama ulivyoniandikia: ni jicho la kushoto, mistari inapinda, na ilianza lini. Sehemu iliyobaki ya jibu langu ni kukueleza kwa nini nasema hivyo ilhali mimi mwenyewe naziamini programu hizi, na natamani kila kliniki ya kisukari iwe nayo moja.

Tuanze na swali ambalo kompyuta iliulizwa, maana hapo ndipo mambo mengi yanapochanganywa. Haikuulizwa kama mama anaona vizuri, wala kama macho yake ni mazima. Iliulizwa jambo moja: je, picha hizi zina alama za madhara ya kisukari kuanzia kiwango cha wastani kwenda juu? Ikajibu hapana. Jibu hilo linaweza kuwa sahihi kabisa, na bado mama akawa na tatizo linalohitaji kutibiwa.

Hicho "kiwango cha wastani" kina maana yake. Sukari ikikaa juu kwa miaka, kuta za mishipa midogo kabisa ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, hudhoofika. Dalili ya kwanza ni vijivimbe vinavyotuna kwenye kuta hizo, na kwenye picha kila kimoja huonekana kama nukta nyekundu yenye upana wa pikseli chache tu. Baadaye mishipa huvuja. Damu huacha madoa, na majimaji yanapofyonzwa hubaki mafuta ya rangi ya manjano yenye kingo kali, kama makombo yaliyomwagika. Sehemu zilizokosa damu hufanya madoa meupe yaliyofifia, yanayofanana na pamba iliyochambuliwa. Mwishoni kabisa retina iliyokosa oksijeni huanza kudai mishipa mipya, na mishipa hiyo ikiota huwa dhaifu: hupasuka na kujaza damu ndani ya jicho, au huivuta retina mpaka ibanduke. Madaktari wa macho duniani wamekubaliana kuyapanga haya katika ngazi tano: hakuna madhara, madhara kidogo, ya wastani, makali, na ngazi ya mishipa mipya. Programu nyingi huchora mpaka wao kati ya "kidogo" na "wastani". Aliye chini ya mpaka huambiwa arudi mwakani, aliyeuvuka hupewa rufaa.

Ubaya wa ugonjwa huu ni kwamba mtu anaweza kupanda ngazi tatu au hata nne bila kuhisi chochote. Haumi, hauwashi, na mara nyingi hauzuii kusoma mpaka muda umepita sana. Kwa hiyo kungoja dalili ni kuchelewa, na ndiyo sababu watu wenye kisukari hupigwa picha za macho wakiwa wanajiona wazima. Wenye aina ya pili huanza mara tu wanapogundulika, kwa kuwa mara nyingi ugonjwa umekaa mwilini miaka kadhaa kabla ya kujulikana. Wenye aina ya kwanza huanza ndani ya miaka mitano. Uingereza ilianza kuupanga uchunguzi huu kitaifa mwaka 2003. Kufikia mwaka 2010, kwa mara ya kwanza katika takribani nusu karne, ugonjwa wa retina wa kisukari haukuwa tena sababu kuu ya upofu uliothibitishwa rasmi miongoni mwa watu wa umri wa kufanya kazi huko England na Wales. Kazi hiyo kwa sehemu kubwa ilifanywa na binadamu waliokaa mbele ya skrini wakitazama picha moja baada ya nyingine, kutwa nzima. Nami nimeifanya. Ni kazi inayochosha macho na akili, na wanaoiweza ni wachache mno ukilinganisha na idadi ya wenye kisukari.

Hapo ndipo kompyuta ilipoingia.

Programu za zamani zilifundishwa kwa kuelezwa: nukta nyekundu inafanana hivi, doa la manjano hivi, tafuta. Programu za siku hizi, zile za akili mnemba, hazielezwi chochote kuhusu nukta. Hupewa picha nyingi mno pamoja na majibu yake, kisha hujirekebisha zenyewe kidogo kidogo mpaka majibu yao yakaribiane na ya madaktari. Kazi iliyoshtua wengi ilitoka Google, ikachapishwa katika JAMA, jarida la kitabibu la Marekani, mwaka 2016. Walitumia picha 128,175, na kila picha ilipimwa mara tatu hadi saba, wapimaji wakiwa kundi la madaktari 54. Uzingatie hapo kwenye "mara tatu hadi saba". Ukitupatia picha moja sisi madaktari wawili, mara nyingi mmoja atasema "kidogo" na mwingine "wastani". Tunatofautiana hata na nafsi zetu: nirudishie picha ileile baada ya mwezi, naweza kukupa jibu jingine. Kompyuta ilifundishwa kwa makubaliano ya wengi, na hiyo ni sababu mojawapo ya uimara wake. Haichoki saa kumi jioni.

Nikuonyeshe jambo moja kwa karibu ili uone ugumu ulipo. Siku moja nilikuwa nimekaa na msomaji mgeni wa picha, tumefungua jicho la kulia la mgonjwa. Chini kidogo ya katikati palikuwa na nukta ndogo ya rangi iliyokolea. Akaiandika: kijivimbe. Nikamwomba afungue jicho la kushoto. Nukta ileile, mahali palepale pa fremu, umbali uleule kutoka ukingoni. Tukafungua picha za mgonjwa aliyefuata, nayo ipo. Lilikuwa vumbi kwenye lenzi ya kamera. Mtu hung'amua hivyo kwa kulinganisha picha na picha. Programu inayotazama kila picha peke yake inaweza kulihesabu vumbi hilo kuwa ugonjwa kwa kila mtu atakayekaa kwenye kiti siku ile, isipokuwa kama imefundishwa kulitambua. Nikiambiwa kliniki fulani imeanza ghafla kutoa rufaa nyingi, kitu cha kwanza ninachouliza ni lenzi ilifutwa lini.

Sasa, je, zinawashinda madaktari? Katika jaribio lile la mwaka 2016, programu iliweza kuwanasa asilimia 97.5 ya wenye tatizo, na ikawaacha kwa usahihi asilimia 93.4 ya wasio nalo. Lakini programu hiyohiyo, kwa picha zilezile, ikipangwa kwa namna nyingine ilinasa asilimia 90.3 ya wagonjwa na kuwaacha kwa usahihi asilimia 98.1 ya wazima. Kilichobadilika ni mahali pa kuweka kizingiti, yaani kiasi cha shaka kinachotosha kumpa mtu rufaa. Ukikishusha, unakamata wagonjwa wengi zaidi na kuwasumbua wazima wengi zaidi. Ukikipandisha, unawapumzisha wazima na kupoteza wagonjwa kadhaa. Kizingiti hicho huwekwa na watu, na wakati mwingine huwekwa kwa kuangalia madaktari wa macho waliopo wanaweza kupokea rufaa ngapi.

Na hizo ni picha zilizokusanywa na kuchambuliwa kwa utulivu. Kwenye kliniki halisi namba hushuka. Mwezi wa nne mwaka 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha IDx-DR, programu ya kwanza kuruhusiwa kutoa jibu yenyewe bila daktari kuitazama picha. Ilijaribiwa kwa watu 900 katika vituo 10 vya afya ya msingi. Iliwanasa asilimia 87.2 ya waliokuwa na madhara zaidi ya kidogo, na kuwaacha kwa usahihi asilimia 90.7 ya wasiokuwa nayo. Tufanye hesabu. Chukua watu 1,000 wenye kisukari, na tuseme 100 kati yao wana tatizo la kupewa rufaa. Kwa viwango hivyo programu itawanasa 87 na kuwakosa 13. Katika 900 waliobaki, kama 84 watapewa rufaa isiyohitajika na 816 wataambiwa, kwa usahihi, warudi mwakani. Walioambiwa "salama" jumla yao ni 829, na ndani yao wamo wale 13. Kwa mtu asiye na dalili yoyote, nafasi ya kuwa mmoja wa 13 kati ya 829 ni ndogo, na kumwambia arudi mwakani ni uamuzi wa busara. Mama yako si mtu asiye na dalili. Mistari ilipoanza kupinda, alitoka kwenye kundi ambalo hesabu hii inalihusu.

Tena programu hazilingani. Mwaka 2021 lilitolewa jaribio lililozipambanisha programu saba kutoka kampuni tano, kwa picha 311,604 za maveterani wa jeshi la Marekani. Dhaifu kuliko zote iliwanasa kama asilimia 51 ya wagonjwa, na iliyowanasa wengi zaidi ilifika kama asilimia 86. Zote zilikuwa na majina mazuri. Kwa hiyo mtu akikuambia "kompyuta inawashinda madaktari", swali langu ni: ipi, ilijaribiwa na nani, na kwa macho ya nani? Hilo la mwisho nalipa uzito mkubwa, kwa sababu rangi ya sehemu ya nyuma ya jicho hutofautiana kati ya watu. Kwa mwenye ngozi nyeusi retina huwa na mandharinyuma yaliyokolea, na programu iliyozoea retina za rangi nyekundu-machungwa inaweza kubabaika. Inawezekana kuvuka kikwazo hicho. Mwaka 2019 programu iliyofundishwa kwa picha za Singapore ilijaribiwa kwa wagonjwa 1,574 wa Zambia, ikawanasa asilimia 92 ya waliokuwa na tatizo la kupewa rufaa. Nilifurahi sana kulisoma jaribio lile. Lakini ilibidi lifanyike ndipo tujue, na kila programu mpya inapaswa kupitia mlango huohuo.

Sasa turudi kwa mama na mistari yake, maana hapa ndipo penye kiini cha jibu langu.

Katikati ya retina kuna sehemu ndogo iitwayo makula, ndiyo tunayosomea na kutambulia nyuso. Mishipa ikivuja karibu nayo, makula hulowa na kuvimba. Inapovimba, chembe za kuonea husogezwa kutoka mahali pake, na mstari ulionyooka huonekana umeinuka au umepinda. Huo uvimbe ni unene. Na picha aliyopigwa mama ni bapa, imepigwa kutoka mbele, sawa na kutazama godoro ukiwa umesimama juu yake: utaona madoa ya shuka, lakini unene hutaujua kwa uhakika mpaka uinamie ubavuni. Daktari anayetazama picha bapa, na programu vilevile, mara nyingi hubashiri uvimbe kwa kuona yale mafuta ya manjano karibu na katikati. Uvimbe usiokuwa na mafuta hayo unaweza kupita bila kuonekana. Kipimo kinachouona unene wenyewe huitwa OCT. Hupitisha mwanga na kuonyesha tabaka za retina kwa ubavu, kama mkate uliokatwa. Hakina maumivu na huchukua dakika chache.

Picha hiyo ina mipaka mingine pia. Kwa kawaida huonyesha nyuzi 45 za sehemu ya katikati, ukingo wa retina haumo. Na programu nyingi za kisukari zimeruhusiwa kujibu kuhusu kisukari peke yake. Mishipa iliyoziba, kuzeeka kwa makula, presha ya macho, retina iliyobanduka pembeni: mama anaweza kuwa na lolote kati ya hayo, na programu ikaandika "hahitaji rufaa" bila kusema uongo wowote. Kinachosumbua ni kwamba aliyekabidhiwa karatasi ile husoma "jicho ni zima". Laiti ningekuwa na mamlaka, ningeagiza kila karatasi ya jibu iandikwe kwa herufi kubwa: jibu hili linahusu kisukari tu, na ukiona mabadiliko usisubiri.

Uulize pia kama macho yote mawili yalisomeka. Wengi hudhani kompyuta ina majibu mawili, kumbe yako matatu, na la tatu ni "picha haifai". Google walipopeleka programu yao kwenye kliniki 11 za Thailand, asilimia 21 ya picha 1,838 za miezi sita ya mwanzo zilikataliwa na mfumo kwa ubora hafifu. Vyumba havikuwa na giza la kutosha, foleni zilikuwa ndefu, intaneti ilikuwa ikikatika, na wauguzi waliokuwa wakijitahidi walilazimika kuwaambia watu wasafiri kwenda kwingine. Kwa mtu wa miaka 61 mtoto wa jicho anaweza kuwa ameanza kuuzuia mwanga, au mboni ikawa ndogo mno bila dawa ya kuipanua. Picha isiyofaa si picha salama, na mwenye picha isiyosomeka anatakiwa aonwe na mtu.

Baada ya yote hayo utashangaa kwamba bado nazitetea. Sababu ni kile kinachotokea mgonjwa akitoka mlangoni. Zamani mtu alipigwa picha, picha zikatumwa, jibu likarudi baada ya wiki kadhaa, naye amekwisha kusahau au namba ya simu imebadilika. Nimekutana na watu waliopofuka huku barua ya rufaa yao ikiwa kwenye faili. Huko Rwanda lilifanyika jaribio lililochapishwa mwaka 2022: waliopewa jibu la kompyuta papo hapo walienda kwenye rufaa kwa asilimia 51.5, na waliosubiri jibu la binadamu wakaenda kwa asilimia 39.6. Marekani, kwa vijana wenye kisukari, jaribio la mwaka 2024 lilionyesha kwamba wote waliopimwa kwa programu ndani ya kliniki yao walikamilisha uchunguzi, ilhali katika kundi lililotumwa kwa daktari wa macho waliokamilisha walikuwa asilimia 22. Nikizitazama namba hizo nawaona watu waliookolewa na jambo dogo la kupata jibu kabla hawajainuka kwenye kiti.

Kwa hiyo, cha kufanya. Leo usiku, mama avae miwani yake ya kusomea, afunike jicho moja, atazame daftari lenye mistari au vigae vya ukutani, kisha abadilishe jicho. Aseme ni wapi panapopinda, na kama kuna sehemu iliyofutika. Chora anachokuelezea na uandike tarehe. Ikiwa ghafla ataona utando mweusi, vipande vingi vinavyoelea, miali ya mwanga au pazia linaloshuka, msingoje miadi, nendeni siku hiyohiyo. Kwa daktari, ulizia OCT ya macho yote mawili na uchunguzi wa retina baada ya kupanuliwa mboni. Dawa ya kupanua huleta ukungu kwa saa kadhaa, basi awe na mtu wa kumrudisha nyumbani.

Usimtishe. Sukari inapopanda na kushuka, lenzi hubadilika na kuona huyumba kwa muda, ingawa kupinda kwa mistari katika jicho moja hunielekeza zaidi kwenye makula. Na kama ni uvimbe wa makula, upo mlango wa matibabu: sindano za dawa ndani ya jicho, zinazozuia ishara ya mwili inayofanya mishipa ivuje, au wakati mwingine leza. Neno "sindano ya jicho" linaogofya kuliko sindano yenyewe. Jicho hutiwa ganzi, na wengi huniuliza kama tayari nimeshachoma. Matokeo huwa mazuri zaidi uvimbe ukikutwa mapema, na ndiyo maana nimekuharakisha.

Picha za mwezi uliopita bado zimo kwenye kompyuta ya kliniki. Kabla ya kwenda kwa daktari, pitia pale uombe nakala, za macho yote mawili, pamoja na karatasi ya jibu yenye jina la programu. Mwambie muuguzi kilichotokea ili nao wazifungue tena. Na mwakani, mama akikaa tena mbele ya kamera ile, asiweke kidevu kwenye kishikio kabla hajamweleza mpiga picha jinsi anavyoona kwa kila jicho.